Mwenye Ploti wa Kamati ya Afya

Kabla hajawa Mheshimiwa alikuwa mwenye ploti tu, na hadi leo nikiona uso wake kwenye bango mkono wangu hutafuta pa kuficha mpira. Hakupenda mipira. Alisema inabandua rangi. Rangi yenyewe ilipakwa mara moja, upande wa barabarani, pale mpangaji mpya anaposimama kuuliza kama kuna chumba. Upande wa ndani, tunakoishi sisi, ni mawe matupu, na sijawahi kuona jiwe likibanduka.

Ni mkubwa juu na mwembamba chini, kama kabichi iliyochomekwa njiti mbili. Hutembea mikono ikiwa nyuma, akikagua. Akiingia nyumbani kwa mtu huangalia dari kwanza, watu baadaye. Kanisani pia. Mimi humwigiza shuleni wakati wa mapumziko, na wenzangu wa kidato cha tatu hunilipa nusu andazi, kwa hiyo siwezi kusema hajawahi kunifaidi.

Ploti yake iko Gitothua, hapa Ruiru, na tumekaa humo tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Zamani ilikuwa na safu moja ya vyumba, kila chumba na dirisha lake. Kisha akaona nyuma kumebaki nafasi ya kuanikia nguo, na nafasi ikimkalia bure huwa hapati usingizi. Akajenga safu ya pili. Akaisogeza, akaisogeza, hadi madirisha yetu yakawa yanatazama ukuta ambao ukinyoosha mkono unaugusa. Letu bado linafunguka vizuri. Ukilifungua unaona simiti.

Mathe, mama yangu, alimwendea wakati mafundi bado wako kazini.

"Sasa hewa itapitia wapi?"

"Mama Kamau, hewa ni ya Mungu," akasema. "Mimi napangisha vyumba."

Watu wote wa uani wakacheka, hata Mathe. Hapo ndipo penye hatari yake: anachekesha. Mimi najua kazi ya kichekesho kwa sababu ndiyo inayoniokoa na viboko. Mtu akicheka amekusamehe kabla hajajua umemfanyia nini.

Sasa ukinisikia hivi utadhani ni mtu mbaya. Laiti. Mtu mbaya ni rahisi, unamchukia unaenda zako kulala. Siku nilipoanguka kutoka kwenye mabati yake nikifuata mpira, mkono ukapinda mahali ambapo hauna kiwiko, hakuna aliyenibeba ila yeye. Aliniweka mbele kwenye pikapu yake, akanikimbiza Thika akinigombeza njia nzima kuhusu mabati. Hospitalini alikaa nami hadi plasta ikakauka. Alilipa, na akamwambia Mathe asijaribu kumrudishia hata shilingi. Jumapili yake kanisa zima lilikuwa linajua, na mimi nikasimamishwa mbele ya madhabahu niinue plasta watu waione.

Ndivyo alivyo. Si mwizi, na si mchoyo. Anatoa, ila hatoi pasipo na mashahidi. Mkono wake wa kulia ukitoa, wa kushoto unashika kipaza sauti.

Kitu kingine ni majina. Anakumbuka jina la kila mtoto wa ploti, na la marehemu wa kila familia, na kama marehemu alipenda uji mchachu au wa kawaida. Kwenye mazishi hana mpinzani. Lakini jaribu kumwambia sentensi inayoanza na "tunaomba". Macho yanamtoka yanaenda kukagua dari.

Hadithi anayoipenda ni ya utoto wake. Huisimulia akiwa amevua kofia. Alikuwa mtoto wa maskini, huko kwenye mashamba ya kahawa, mwenye kifua kibovu, na nesi wa serikali alikuwa akija kwa baiskeli kumdunga sindano, iwe mvua iwe jua. "Hata nikijificha katikati ya kahawa, nesi ananitafuta mpaka ananipata," anasema, na watu wanapiga makofi kwa jinsi Mungu anavyomwinua mnyonge kutoka mavumbini. Mimi husikiliza nikingoja afike mahali pa kusema nani alikuwa akimlipa yule nesi, na nani alinunua baiskeli. Hajawahi kufika. Kwake yule nesi ni muujiza tu, kama kunguru waliomletea Eliya mkate.

Alipochaguliwa kuwa mwakilishi wa wadi, wenzake wa bunge la kaunti wakamweka kwenye kamati ya afya. Wahenga walimkabidhi fisi bucha. Sisi tulimkabidhi mwenye ploti mapafu yetu. Jambo la kwanza ambalo kamati ilifanya ni kwenda Mombasa, wiki nzima, kujifunza kuhusu kifua kikuu. Mombasa. Wakati safu yetu ya ndani ilikuwa na fundi wa mawe anayekohoa hadi sufuria zinatetemeka, na angeweza kuwafundisha bure. Mheshimiwa alirudi na korosho za watoto wa ploti. Nilizitafuna. Zilikuwa tamu, na hilo linaniudhi zaidi. Yule fundi baadaye alirudishwa kwao Murang'a akiwa amelala ndani ya sanduku, chumba kikafagiliwa, akaingia mpangaji mwingine kabla ya mwisho wa mwezi.

Ukimuuliza Mheshimiwa kuhusu dawa za TB, anasema dawa ni za serikali kuu. Ukimuuliza kuhusu mashine za kupimia, anasema mashine ni za wafadhili. Ukimuuliza kuhusu zahanati, kifua kinamtanuka: "Jengo ni letu, kaunti." Kwa hiyo kaunti ina kuta na mlango, na chochote kinachopaswa kuingia kupitia mlango huo si chake. Siku moja nikasema pale uani, kwa sauti, kwamba kijidudu cha TB hakijasoma katiba. Alicheka kuliko wote. Wiki iliyofuata alikitumia kichekesho changu kwenye mkutano, akashangiliwa.

Kwenye mtihani wa Historia na Serikali tuliulizwa tutaje kazi za serikali ya kaunti. Ya kwanza niliandika kusimamia zahanati na hospitali. Ya pili, kuchapisha fulana. Mwalimu alinipa alama ya ile ya kwanza, na kando ya ile ya pili akaandika "njoo ofisini". Nilipofika alifunga mlango ndipo akacheka.

Hayo yote yalikuwa mchezo hadi Mathe alipoanza kukohoa.

Mathe ni fundi cherehani. Ana kibanda sokoni Ruiru, anashona sare za kwaya na nguo za ruracio, zile za siku ya kupeleka mahari. Alianza kukohoa wakati wa mvua, mvua ikaisha, yeye akaendelea. Nikamkuta anapunguza kiuno cha sketi zake mwenyewe. Akaniambia ni mtindo.

Zahanati ina nesi wa kifua, mwanamke mchovu ambaye mzaha wake ni mkavu kuliko wangu. Alimpa Mathe kikopo.

"Nataka makohozi, mama, si mate. Mate baki nayo."

Mathe akajikakamua, akakohoa kutoka chini kabisa, akampa. Ndipo nesi akatueleza kwamba mashine ya kupima ipo na umeme upo, kilichokosekana ni katriji, vile vikasha vidogo vinavyobeba makohozi ndani ya mashine. Bila katriji mashine ni meza ya kuwekea chai. Pikipiki ya kupeleka vikopo kwenye maabara ya Thika nayo ilikuwa inangoja petroli.

"Nenda Thika upigwe eksrei," akasema. "Lakini ile ya serikali imeharibika, kwa hiyo utalipa ya watu binafsi."

"Si kwenye ukuta mmeandika TB ni bure?" nikauliza.

"Ni bure ukishajulikana unayo. Kujua ndiko unalipia."

Nilitafuta mzaha usoni mwake nikaukosa.

Bima ya afya ilitaka mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, na cherehani hailipi kwa mpigo. Mathe akafanya alichoweza. Akamwendea Mheshimiwa kumwomba amvumilie kodi ya nyumba kidogo ili apate ya eksrei, na ilibidi amwambie sababu.

"Hii ni kati yetu, Mheshimiwa. Wateja wangu wakisikia nina TB, nani ataniletea nguo?"

Mheshimiwa akamshika mikono yote miwili. Nilikuwepo. Macho yake yalilowa, na hayakuwa machozi ya uongo.

"Mama Kamau," akasema, "hii imeisha."

Jumamosi tuliamka tukakuta hema uani. Viti vya kukodi, spika mbili, kijana wa kamera, na Mheshimiwa katikati akiwa amevaa kofia yake nyeupe. Harambee. Kwa ajili yetu. Kwa mkono wa kushoto alishika kipaza sauti, na kando yake vijana wawili walibeba hundi ya kadibodi yenye ukubwa wa mlango, imeandikwa kwa herufi ambazo mtu wa barabarani angesoma bila miwani: MSAADA WA MATIBABU YA TB. Chini yake majina ya Mathe, yote matatu.

Hebu fikiria hilo. Mtu anakaa kwenye kamati inayopaswa kuuliza katriji ziko wapi. Haulizi. Badala yake anakuja na hema kuwachangisha wauza mboga na waendesha boda walipie kitu ambacho wameshakilipia kwa kodi, naye anatoa fungu kubwa kuliko wote, na wanamwita mkarimu. Na hakuna aliyeona kitu cha ajabu. Kwetu mtu akiugua hufungwa hema, ndivyo tulivyolelewa. Mtu akiniuliza kinyaa kina harufu gani, nitamwambia ni ya viti vya kukodi vikiwa bado na umande.

Mathe alitoka chumbani akiwa na sindano imechomekwa kwenye kola. Akaisoma ile kadibodi yote, polepole.

"Mheshimiwa, tulisema ni kati yetu."

"Na hawa si ndio sisi? Hapa kuna mgeni gani?"

"Igeuze hiyo karatasi."

"Mama Kamau, usione haya. Ugonjwa si dhambi."

"Najua si dhambi. Igeuze."

Akawaashiria vijana wakaigeuza. Upande wa pili ulikuwa umeandikwa CHOO CHA SHULE YA MSINGI, na kiasi kimefutwa kwa kalamu nene. Nilicheka. Mheshimiwa naye akacheka, akaniambia mimi kijana nitafika mbali.

Kijana wa kamera alikuwa ameshapiga picha ya upande wa kwanza. Kufikia mchana picha ilikuwa imesambaa kwenye simu za Ruiru nzima.

Lazima niseme mchango ulitosha. Mathe alipigwa eksrei Thika, ikaonekana TB, akaanzishiwa dawa, na dawa kweli hazikuuzwa. Wiki hiyohiyo akina mama wawili wa kwaya walikuja kibandani kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa.

"Tumeonelea tushone baadaye," mmoja akasema, amekishika kitambaa kwa ncha za vidole.

"Baadaye lini?" Mathe akauliza.

"Ah, baadaye tu, mama. Wewe pumzika."

Bibi harusi mmoja alimtuma dada yake. Mwingine hakutuma mtu, alipiga simu akasema harusi imeahirishwa, na Jumamosi tukasikia honi za harusi hiyo zikipita barabarani.

Mheshimiwa aliposikia kwamba kibanda kimekauka alisikitika sana. Akamletea Mathe kazi: aproni za kampeni, za kijani, zenye uso wake kifuani, za kugawia wauza mboga. Maana uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mathe akazishona. Mshono wake ni mzuri hata kwenye upuuzi. Mimi nilikuwa nakata nyuzi, na kila nikikata nauona uso uleule unatabasamu, aproni baada ya aproni, hadi nikahisi anakagua dari yetu.

Dawa zenyewe zinamezwa asubuhi, tumbo tupu, na mkojo unageuka rangi ya soda ya machungwa. Choo cha ploti ni kimoja, kwa hiyo hata ambaye hakuiona picha alipata habari. Lakini kikohozi kilipungua. Sketi zikaanza kumbana tena, na Mathe akarudi kunigombeza kwa sauti yake kamili. Nilikuwa nimeikosa, ingawa sikumwambia.

Kisha dawa zikaanza kukonda. Nesi alitoa za wiki badala ya mwezi. Baadaye za siku chache. Baadaye akatufungulia kabati tu, tuone wenyewe.

"Kaunti wanasema serikali kuu haijawapa," akasema. "Serikali kuu wanasema walishawapa. Mimi niko hapa katikati na kabati."

"Na nikikaa bila?" Mathe akauliza.

"Kijidudu hakijafa chote, mama. Kimelewa tu. Ukiacha sasa kinaamka kimejifunza, na hizi dawa hazitakiweza tena. Utaanza nyingine, ndefu, na mbaya. Usikae bila."

"Basi nipe."

Nesi akafunga kabati bila kulibamiza.

Kila asubuhi tulienda kukaa pale kwenye benchi pamoja na wengine wa kifua, kila mmoja akiwa na chupa ya maji ya kumezea dawa ambazo hazipo. Mathe alikuwa ameacha kufungua kibanda. Alisema akikohoa hata mara moja mbele ya mteja, basi. Nyumbani alilala akitazama ule ukuta wa dirishani, akijisikiliza kifua. Nami nilikuwa nikimsikiliza akijisikiliza. Sikuwa na kichekesho cha kufaa.

Hapo ndipo nilipomwona Mheshimiwa mara ya mwisho. Pikapu yake iliingia getini ikiwa imebandikwa mabango pande zote, yeye mwenyewe ameketi mbele na katoni magotini, ameikumbatia kama mtoto wa ubatizo. Kijana wa kamera akashuka kwanza. Mheshimiwa akaibeba katoni kwa mikono yake hadi mezani kwa nesi, na mwanamke mmoja pale kwenye benchi akaanza kulia kwa furaha. Wengine wakasimama. Nami nikasimama, sitaficha. Zilikuwa dawa. Za watu wote wa benchi lile.

Nesi alipoanza kuzigawa nikamsogelea.

"Mheshimiwa, shikamoo. Zilikuwa wapi?"

"Marahaba, Kamau. Zilikuwa stoo."

"Stoo ya nani?"

"Ya kaunti, huko makao makuu. Zilikuwa zimepangwa vizuri kabisa, nimeziona kwa macho yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo. Zilikuwa zinangoja gari. Gari la kusambaza halina mafuta, unajua mambo ya ofisi." Akanipiga bega. "Sasa nikasema, watu wangu wafe na mimi nina pikapu? Nikaenda mwenyewe."

Nilimtazama nikitafuta mahali anapodanganya. Hakuna. Alikuwa anatokwa jasho la kubeba katoni, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyefanya jambo jema. Angeweza kusimama bungeni siku yoyote ya miezi ile akauliza kwa nini gari halina mafuta, na hilo lisingemtoa jasho hata kidogo. Sijui hata kama liliwahi kumjia akilini. Nilitaka kumwambia. Nina mdomo mrefu, kila mtu atakwambia, lakini Mathe alikuwa pale mezani anapokea pakiti yake, na niliogopa. Niliogopa nikimuudhi katoni itarudi kwenye pikapu. Ni ujinga, najua, lakini hebu jaribu kukaa kwenye benchi lile uone kama hutakuwa mjinga.

Mathe alimeza za siku hiyo palepale. Kisha akaenda alipokuwa Mheshimiwa. Kijana wa kamera akainua mashine yake, na Mathe akaiziba kwa kiganja bila kumwangalia.

"Mheshimiwa, nimeshukuru. Za mwezi ujao zitaletwa na nani?"

Akacheka kwa upole, kama anayemtuliza mtoto.

"Ai, Mama Kamau. Si mimi niko?"

Benchi zima likampigia makofi.

Tulitoka tukashika njia ya nyumbani. Mathe alikuwa ameishika pakiti ndani ya leso, ameificha kwapani kama mtu anayehofia wezi. Tukafika kwenye bango la kwanza la Mheshimiwa. Akasimama, akaliangalia kutoka kofia hadi kidevu.

"Kamau, dawa zangu zinaisha kabla ya uchaguzi au baada?"

"Baada," nikasema.

"Basi Jumapili tumwombee ashinde."

Mathe hajawahi kumpigia yule mtu kura. Nikangoja acheke ili nami nicheke. Akaendelea kutembea.

Jumapili alifunga kitambaa kichwani mapema, akanivuta hadi kiti cha mbele, akapiga magoti. Aliomba kwa muda mrefu, midomo ikienda. Alipofungua jicho akakuta nimesimama, akaninyooshea kidole sakafuni, nami nikapiga magoti.